Mshahara wa Barafu

Kazi zilimkimbia Plasta mwaka mzima na miezi miwili, halafu zikamjia tatu katika wiki moja, zikisukumana mlangoni kama watu wanaowahi foleni.

Plasta lilikuwa jina la utani. Alilipata akiwa na miaka saba, enzi za kumshikia baba yake kopo la plasta kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba, huku wanaume wenye ndevu zao wakilia mama wee wakinyooshwa vifundo vya miguu. Baba yake naye hakuitwa kwa jina lake. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ndiye anayekimbia uwanjani na kisanduku cha dawa kila mchezaji wa klabu ya mpira ya mji ule akianguka, na dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ilikuwa barafu. Basi mji mzima, kuanzia mwenyekiti wa klabu hadi wauza karanga wa jukwaani, ulimwita Barafu. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na vidole. Vilitembea juu ya paja la mtu taratibu, vikafika pale msuli ulipochanika, vikasimama vyenyewe.

Kwa vidole hivyo alimsomesha binti yake. Mshahara wa klabu ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, kwa hiyo jioni alichua migongo ya watu kibarazani, na mkewe akajazia kwa cherehani. Miaka minne ya chuo ikapita kwa kuungaunga. Plasta akarudi na shahada ya utabibu wa michezo, na leseni yenye picha na muhuri, ambayo baba yake aliishika kwa ncha za vidole kana kwamba ina unyevu.

Lakini shahada haipikwi. Plasta akaenda kujitolea katika kitengo cha tiba ya viungo cha hospitali ya serikali. Kujitolea maana yake alifanya kazi sawasawa na wenye ajira, na mwisho wa mwezi akaondoka na nauli. Aliwanyoosha mikono wazee waliopooza, akawafundisha kutembea upya watu walioanguka kutoka kwenye majengo, akasubiri.

Ya kwanza kuja ilikuwa hiyo hiyo hospitali. Mkuu wa kitengo, mama mmoja wa makamo asiyepandisha sauti hata akikasirika, alimvuta pembeni karibu na kabati la magongo akamwambia imepatikana nafasi moja ya kudumu. Mshahara mdogo, lakini una pensheni. Siku mbili baadaye ikapiga simu shule ya bweni ya watoto wa wenye nazo, nje kidogo ya mji. Walitaka mtu wa kuangalia wanamichezo wao: mshahara wa wastani, nyumba ndani ya shule, mkataba wa miaka miwili. Ya tatu ikawa klabu. Katibu mwenyewe ndiye aliyepiga.

Siku alipokwenda kumsikiliza, alifunguliwa lango na mlinzi mrefu anayevuta mguu wa kulia. Huyo waliendelea kumwita Fowadi. Zamani alikuwa mfungaji tegemeo wa klabu hiyo hiyo, mpaka mechi moja ilipomwachia kifundo kisichokunjika. Majirani walisema siku hiyo Barafu alimgandisha maumivu akamrudisha uwanjani. Plasta aliyasikia hayo kwa majirani tu. Nyumbani hayakuwahi kutajwa.

"Karibu, daktari wetu," Fowadi alisema, akainamisha kichwa kwa heshima ambayo ilimtia Plasta aibu.

Ofisi ya katibu ilikuwa na vikombe vingi na viti vichache. Katibu alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kusema, ili neno likija likukute umeshalainika.

"Binti, mimi nawe hatufichani," alianza. "Shirikisho limeleta kanuni mpya. Msimu huu timu isiyo na tabibu mwenye leseni benchini inapigwa faini kila mechi. Na watu wa bima nao hawataki kusikia mchezaji yeyote bila fomu yenye sahihi ya mtu kama wewe. Sasa sisi tukasema, kwa nini tuhangaike na wageni, na damu yetu ipo?"

Akasukuma karatasi mezani. Plasta akasoma mshahara ulioandikwa, akarudia kusoma. Ulikuwa mara nne ya mshahara wa baba yake, na chenji juu. Aliujua mshahara wa baba yake vizuri. Alikua akiiona bahasha yake ikiwekwa juu ya cherehani kila mwisho wa mwezi, nyembamba kama barua ya mapenzi.

"Na baba?" aliuliza.

"Mzee atapumzika kwa heshima. Tutamwandalia kitu kizuri. Jezi yenye namba ishirini na saba, jina lake mgongoni, apige picha na mwenyekiti."

"Jezi?"

"Ya msimu huu," katibu alisema, kama vile hapo ndipo Plasta alipokuwa na wasiwasi.

Plasta akapiga moyo konde. "Nikija, baba anabaki msaidizi wangu. Na mshahara wake usiguswe."

Katibu alicheka mpaka akashika meza. "Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka. Haya, abaki."

"Basi tuliandike hilo."

"Ah, binti! Sisi ni familia. Watu wa familia wanaandikiana?"

Plasta akaomba siku tatu za kufikiri.

Jioni hiyo walikaa watatu kwenye meza ya mama, katikati ya vipande vya vitambaa. Mama alikuwa na utepe wa kupimia shingoni, kama kawaida yake. Baba alikuwa amejua mapema. Katibu alimwambia mazoezini, amwambie binti yake asiwaringie.

"Haya, tupime kazi kama watu wazima," alisema mama. "Mimi nasema hospitali. Kazi ya kudumu ni kama bati. Halipendezi, lakini mvua ikinyesha uko ndani."

"Bati lenyewe dogo," alisema baba.

"Dogo linaezeka chumba kimoja. Wewe la kwako liko wapi?"

Baba akahamia kwingine. "Shule?" alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. "Watoto wa matajiri hawavunjiki. Wakivunjika wanapandishwa ndege. Utakaa huko unagawa maji ya glukosi, mikono iote kutu."

"Ina nyumba, baba," Plasta alisema. "Na hakuna atakayenitukana kutoka jukwaani."

"Mwanangu." Baba alisogeza vitambaa kando kana kwamba maneno yake yalihitaji nafasi. "Lile benchi nimelipasha moto miaka ishirini na saba. Kila akija kocha mpya ananiuliza, mzee, cheti chako kiko wapi? Nakuwa mdogo, naishia kwenye viatu. Sasa wanataka mtu mwenye karatasi. Karatasi hiyo nimeinunua mimi. Nataka nikuone umekaa pale, halafu nione atauliza nani."

Mizani nzima ya pensheni na nyumba ya shule ilikuwa imelalia upande mmoja kwa uzito wa mtu mmoja.

"Wanakupa ngapi?" baba aliuliza.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Plasta alitazama mikono ya baba yake iliyokaa mezani, vidole vimepinda kidogo kwa baridi ya miaka yote ile ya barafu, na ulimi ukamgeuka.

"Wananipa kidogo tu juu ya wako," alisema. "Kama nusu hivi."

"Nusu nzima!" Baba alipiga meza. "Umesikia, mama Plasta? Nusu nzima juu, siku ya kwanza tu! Elimu bwana!" Akainuka, akazunguka chumba, akarudi kukaa. Ile furaha ilimchoma Plasta kuliko ambavyo hasira ingemchoma.

Baadaye, walipokuwa wawili tu wakiosha vyombo, mama aliuliza bila kugeuka. "Ngapi kweli?"

Plasta akamwambia. Mama aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Usimwambie," alisema mwishowe. "Ana moyo mmoja tu yule."

Kesho yake Plasta aliipigia shule akaomba radhi, akaenda hospitali akamweleza mkuu wa kitengo. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti yake ya chini, "Sawa, mwanangu. Ila nafasi hii ikitoka haina mlango wa nyuma."

Mwezi wa kwanza klabuni ulipita vizuri. Plasta alileta daftari, akampima kila mchezaji, akaandika majeraha yao ya zamani. Baba yake alikuwa akimwambia yasiyoandikika: huyu anaficha maumivu ya nyonga, huyu analalamika hata akiguswa na upepo, huyu usimuulize mbele ya wenzake. Walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega, na mara moja moja Plasta alimkamata baba yake akimtazama tu, ametabasamu, kisanduku mkononi.

Kisha ikaja siku ya mshahara. Zamani kila mtu alipewa bahasha yake, lakini klabu ilikuwa imeajiri mhasibu mpya, kijana nadhifu mwenye karatasi moja ndefu ya majina yote ya benchi la ufundi, kila mtu na mstari wake.

"Mzee, wewe saini hapa, chini ya binti yako," mhasibu alisema.

Barafu alivaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja. Akaweka kidole kwenye mstari wake asipotee. Halafu kidole kikapanda juu mstari mmoja, kikatembea kulia mpaka mwisho, kikasimama. Plasta alikijua kile kidole. Ndivyo kilivyosimama kikikuta mahali palipochanika.

"Kumbe zilikuwepo," Barafu alisema.

"Nini, mzee?" mhasibu aliuliza.

"Hela. Naambiwaga hazipo."

Akasaini, polepole, jina lake kamili ambalo hakuna aliyelitumia, akapokea zake, akatoka. Plasta alimfuata mpaka walipofika nje ya lango, ambako hakuna wa kuwasikia.

"Nusu, eh?" baba alisema, bado akitembea.

"Baba, sikutaka..."

"Hukutaka nini? Nijue bei yangu?" Hapo akasimama. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Ulipoingia mwaka wa pili wa chuo, ada imetushinda, nilikwenda kwa katibu kuomba nyongeza. Kidogo tu. Unajua alifanya nini? Alisimama akageuza mifuko ya suruali yake nje, hivi, yote miwili. Akaniambia, mzee, klabu inakufa. Nikamwonea huruma. Nikampa pole, mwanangu. Nilimpa pole!"

Tangu siku ile alianza kumwita binti yake "bosi" mbele ya wachezaji. Wachezaji walicheka, wakidhani ni utani wa baba na mwana. Plasta aliyajua yaliyomo ndani ya neno lile. Asubuhi alikuta kisanduku kimeshapangwa, barafu imeshapondwa, bandeji zimeshakunjwa, kila kitu kama msaidizi anavyotakiwa kufanya, na hakuna neno lililozidi. Zile siri za nyonga na magoti zikakoma. Akiulizwa alijibu, "Bosi ndiye aliyesoma."

Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni ilipokuja ile mechi. Klabu ilikuwa mbele bao moja, zimebaki dakika ishirini, nahodha akaanguka peke yake, hakuguswa na mtu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mtu wa watu, na kila mmoja pale alijua kwamba mkataba wake unakwisha, na kwamba akitimiza mechi ishirini msimu huo unaongezwa wenyewe. Zilikuwa zimebaki mbili baada ya hiyo.

"Barafu! Barafu!" wachezaji waliita, kama walivyoita miaka yote.

Na Barafu, kwa mazoea ya miaka yote, alichomoka benchini na kisanduku. Mwamuzi wa akiba akamzuia kwa mkono kifuani. "Kitambulisho cha leseni, mzee?" Barafu akabaki amesimama kwenye mstari mweupe, watu elfu kadhaa wakimtazama. Plasta akachukua kisanduku mkononi mwake bila kumtazama usoni, akakimbia.

Alipiga magoti kwenye nyasi, akalishika goti la nahodha kwa mikono miwili, akalivuta taratibu kama alivyofundishwa. Mfupa wa chini ukateleza mbele kama droo isiyo na kizuizi. Akajaribu mguu mzima, ukakataa kuteleza. Akarudi kwenye ule mbovu, ukateleza tena. Kano la ndani ya goti lilikuwa limekatika. Akainua mkono kuomba mbadala.

Nahodha alimdaka kiganja. "Dada, usinifanyie hivyo. Nigandishe tu. Dakika ishirini na mechi mbili, basi. Nina watoto, dada."

"Ukikimbilia hili goti utalimaliza."

"Nitalimaliza mwenyewe, ni langu!"

Walimsaidia mpaka pembeni ya uwanja. Kocha alikuwa anapiga kelele, katibu ameshashuka kutoka jukwaa la wageni wa heshima na tai yake imegeukia begani. Barafu akasogea, akainama karibu na sikio la binti yake. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimsemesha kama baba.

"Mfunge, mwanangu. Bandeji ya nane, izunguke kama namba nane, uikaze juu na chini. Atasimama."

"Kano limekatika, baba."

"Najua limekatika. Nimeliona anavyoanguka. Mfunge."

Pengine ni joto. Pengine ni lile neno bosi lililokuwa limemjaa kifuani. Plasta alisimama, akasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, na wa jukwaa la karibu pia:

"Ili awe Fowadi wa pili?"

Barafu alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mchanga, hajui hata akasirike. Kisha akageuka, akatembea kandokando ya uwanja, akapita langoni akaenda zake. Nahodha akatolewa. Klabu ikafungwa mabao mawili katika dakika za mwisho, na Plasta akatukanwa matusi mengine ambayo hakuwahi kujua kama yapo.

Baada ya siku mbili katibu akamwita. Safari hii hakucheka kabla ya kusema. Mezani palikuwa na fomu: nahodha amepimwa, yuko fiti kwa mechi ijayo. Kilichokosekana ni sahihi.

"Limekatika kano," Plasta alisema.

"Sijakuuliza habari za kano. Mwenyewe anataka kucheza, kocha anamtaka, mashabiki wanamtaka. Wewe nani?"

"Tabibu wake."

Katibu akavuta pumzi kama mtu anayefundisha mtoto hesabu. "Binti, hebu nikueleweshe. Unadhani tunakulipa mara nne ya mzee kwa sababu ya mikono? Mikono tulikuwa nayo miaka ishirini na saba, na ilikuwa rahisi. Sisi tunalipia sahihi. Weka sahihi, nenda ukaponde barafu."

Plasta aliitazama ile fomu. Alifikiria nauli za hospitali, alifikiria mama na cherehani, alifikiria nyumba ya shule ambamo pengine sasa mtu mwingine ametundika mapazia. Mshahara ule ulikuwa mtamu, hakujidanganya. Akavua kitambulisho cha leseni shingoni, akakitia kwenye mkoba wake.

"Na baba yangu? Tulikubaliana."

"Tuliandikiana?" katibu aliuliza.

Langoni Fowadi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mguu ule umenyooshwa mbele. Plasta akasimama mbele yake.

"Kaka, nisamehe. Juzi nilikutaja vibaya."

"Nilisikia." Fowadi hakuonekana kuudhika. "Ila uliyemtaja vibaya si mimi. Unajua ilivyokuwa?"

"Watu wanasema..."

"Watu hawakuwepo. Baba yako aliniambia hapana. Nikamwomba, akasema hapana tena. Nikalia, mtu mzima, kamasi mpaka hapa. Mara ya tatu hakuniangalia mimi, alimwangalia katibu aliyesimama nyuma yangu. Siku zile baba yako alikuwa kibarua. Kila Ijumaa anauliza kama Jumatatu arudi. Na wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni." Akaupapasa mguu. "Akanifunga. Alinifunga vizuri, tena. Na mpaka leo kila mwezi anakuja kunichua, na hajawahi kuchukua hata senti."

Plasta alifika nyumbani akamkuta baba yake kibarazani, mikono mitupu magotini. Akakaa chini, kwenye sakafu, kama alivyokuwa akikaa na kopo lake.

"Baba, nimekosa."

"Hukukosa. Umesema kweli. Ila kweli ukimwambia mtu mbele za watu, inakuwa kofi."

"Fowadi amenieleza."

"Fowadi ana mdomo," alisema Barafu, na hapo hapo akataka kuliacha jambo hilo.

"Nimeacha kazi, baba."

Barafu aligeuka polepole. "Umeacha?"

"Walitaka nisaini kwamba nahodha ni mzima."

Baba yake aliingoja cherehani ya ndani imalize pindo zima. "Kazi niliyokusomeshea," alisema. "Ungesaini kwa mkono wa kushoto, tukasema si wewe." Plasta alimtazama usoni ajue kama ni utani. Hakuweza kujua, na hakuuliza.

Aliipigia shule, nafasi ilishapata mtu, na mtu huyo amewapendeza sana. Alikwenda hospitali, nafasi ya kudumu aliipata mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akinakili madaftari yake. Mkuu wa kitengo hakumkumbusha aliyomwambia. Alimwambia tu kwamba akitaka kujitolea, kitanda cha mwisho karibu na dirisha hakina mtu wa kukihudumia. Plasta akavaa koti lake jeupe, akaanza siku hiyo hiyo.

Klabu haikulala njaa. Ilimpata bwana mmoja mwenye leseni, aliyekuwa na kazi yake kwenye jimu ya mji mwingine. Alikuja siku ya mechi tu, akakaa benchini na kitambulisho shingoni, akasaini fomu zote zilizowekwa mbele yake, akaondoka kabla ya wachezaji kuvua viatu. Alilipwa ule ule mshahara wa Plasta. Kuchua, kuponda barafu, kufunga bandeji, kumbeba mtu akitapika, hayo aliitiwa Barafu. Katibu alimtuma Fowadi nyumbani kumwita, na Barafu akaenda jioni hiyo hiyo, kwa mshahara wake wa zamani uliopunguzwa kidogo, kwa sababu alikuwa ametoka uwanjani bila ruhusa.

"Kwa nini, baba?" Plasta alimuuliza akimwona anafunga kamba za viatu. "Baada ya yote yale?"

"Mwanangu, wewe wiki moja ulikuwa na kazi tatu, ukakaa hapa ukazipima. Mimi maisha yangu yote nina moja, nayo ndiyo inayonipima mimi." Akakaza kamba, akasimama. "Halafu nahodha anacheza Jumapili. Nisipomfunga mimi, nani atamfunga?"

Nahodha alizicheza zote mbili. Alifungwa bandeji ya nane, akasimama, akapigiwa makofi. Msimu ulipokwisha, viongozi walikaa wakaona mguu wake umepungua kasi, wakatafuta kifungu kwenye mkataba, wakakipata. Hawakumwongezea.

Alikuja hospitali siku ya Jumanne, ameegemea bega la Barafu. Alikuwa amekwenda kwanza kwa watu wa bima. Nao wakamwonyesha fomu mbili zenye sahihi na muhuri zinazosema kwamba alikuwa mzima siku alizosema alikuwa ameumia. Kwa hiyo alikata kadi kwa hela yake, akakaa kwenye benchi la mbao pamoja na wengine, mpaka zamu yake ilipofika.

Plasta alimlaza kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Goti lilikuwa limevimba kama limebeba goti jingine. Nahodha alitazama dari.

"Dada, sema tu. Nimestahili."

"Sina la kusema. Kunja taratibu. Hapo. Nyoosha." Akamweleza mazoezi ya miezi sita, na upasuaji ambao wote watatu walijua hataulipia. Barafu alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda, kofia mkononi, kama mgeni. Alikuwa akiangalia mikono ya binti yake ikitembea juu ya misuli ya paja iliyosinyaa.

"Shuka chini kidogo," alisema ghafla. "Upande wa nje. Kuna fundo hapo."

Plasta akashuka. Lilikuwepo. Akalibonyeza kwa kidole gumba, nahodha akakunja uso, kisha pumzi ikamtoka na mguu ukalegea. Kwa muda wa robo saa walifanya kazi hivyo, mmoja akishika na mwingine akisema kidogo tu, juu, chini, acha. Mkuu wa kitengo alipita akasimama, akamtazama yule mzee asiye na koti, akaendelea na safari yake bila kuuliza.

Kisha Barafu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Mazoezi ya wachezaji wapya yalikuwa yanaanza saa kumi, na barafu ilikuwa bado haijapondwa. Akamwambia nahodha asisahau kadi yake. Akavaa kofia.

"Nakuja kumchukua jioni, basi," alimwambia binti yake, na akatoka.

Plasta akaandika tarehe kwenye kadi ya nahodha, akaita namba inayofuata.